Lami Iwe Mpaka: Ombi la Njia ya Baiskeli Bondeni

Hotuba niliyoitoa Dodoma katika Siku ya Baiskeli Duniani, Juni 3

Mbukwenyi!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu mafundi mliofunga vibanda asubuhi hii ili mje, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioketi huku mbele, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie baiskeli. Mwenzangu wa usalama barabarani atasimama baada yangu, na ana mambo mazito ya kuwaambia kuhusu taa, kofia ngumu na malori, kwa hiyo hayo namwachia. Mimi naomba niongelee starehe. Naomba niongelee mtu anayetoa baiskeli yake nje Jumamosi asubuhi bila gunia la kupeleka popote wala saa ya kuwahi, anashuka bondeni na watoto wake, wanapiga soga njiani, halafu anarudi nyumbani saa nne akiwa na njaa ya kweli.

Naisema starehe bila kuona haya, maana hapa kwetu baiskeli imefanyishwa kazi tu tangu enzi za babu zetu. Imebeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, mtama wa kupeleka mashineni. Imebeba wagonjwa kwenda zahanati, mgonjwa kaketi kwenye kerieri na ndugu yake anakimbia pembeni amemshika bega. Kuna watoto wengi wa mkoa huu waliosomeshwa na baiskeli moja ya baba, aina ya Phoenix. Heshima hiyo haifutiki. Lakini kwa kuwa tumeijua baiskeli wakati wa shida tu, mtu akishapata kipato kidogo anaiegemeza ukutani na haigusi tena. Mtumishi akionekana anakwenda kazini kwa baiskeli, majirani wanaanza kumwonea huruma. Tumeinyima baiskeli nusu ya manufaa yake, ile nusu ya kutufurahisha, na tumejinyima wenyewe.

Umoja wa Mataifa ulipoitenga siku hii ya Juni 3 mwaka 2018, ulitaja afya, usafiri wa bei nafuu na mazingira. Shirika la Afya Duniani nalo linamtaka mtu mzima autingishe mwili kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Hayo ni kweli, na kwa jinsi kisukari na shinikizo la damu vinavyoingia majumbani mwetu, yanatuhusu. Ila niwaambie nilichojifunza kwa miaka mingi ya kufundisha: mtu haendi kufanya mazoezi kwa sababu ameambiwa ana mafuta mengi mwilini. Anakwenda wiki moja, ya pili anachoka. Anayerudi kila wiki ni yule aliyepafurahia mahali alipokwenda. Ndiyo maana mimi naanza na mahali.

Naomba niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani.

Kusini-mashariki mwa jimbo la Minnesota, Marekani, kuna mto unaoitwa Root. Umepasua miamba ya chokaa ukachonga bonde lenye kuta ndefu zilizojaa miti. Zamani reli ilipita humo bondeni ikihudumia wakulima. Treni zikaacha kupita, reli na mataruma vikang'olewa, likabaki tuta tupu. Jimbo likalichukua tuta lile, likalimwagia lami, na magari yakazuiwa yasiingie. Leo njia hiyo ina urefu wa maili 42, yaani karibu kilomita 68, kutoka mji wa Fountain hadi mji wa Houston, na njiani unavuka madaraja zaidi ya 40. Mahali pengine mto uko kulia kwako, unavuka daraja, sasa uko kushoto, kidogo tu unavuka tena. Njiani kuna mji mdogo wa Lanesboro wenye wakazi wasiofika 1,000. Mji wa namna hiyo treni ikiondoka kwa kawaida vijana nao huondoka, maduka yakafungwa. Lanesboro haukufa. Nyumba kongwe zimegeuzwa kuwa za kulala wageni, kuna wanaokodisha baiskeli, kuna wanaouza chakula, na watu wanasafiri kutoka miji mikubwa kwenda kukaa siku mbili tatu katika mji ambao wasingeusikia kabisa kama si ile lami nyembamba ya bondeni.

Sasa kwa nini bondeni? Hili naomba tulitazame vizuri, kwa sababu ndilo lililonifanya nisimame hapa.

Treni haipendi mlima. Mhandisi wa reli akiona njia inapanda zaidi ya mita 2 katika kila mita 100, anaanza kutafuta pengine pa kupita, na mara nyingi hapo pengine ni kando ya mto, kwa kuwa mto ulishatafuta mteremko mpole zaidi kabla yake. Msiende mbali. Reli yetu ya Kati, ile waliyoianza Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ikitoka Kilosa kuja Gulwe imejibana kwenye bonde la Mkondoa na Kinyasungwe. Aliyepita hapo kwa treni mchana anajua uzuri wake: milima imekukaribia pande zote mbili na mto unaonekana dirishani, unapotea, unaonekana tena. Anajua pia hasira zake, maana mafuriko ya bonde hilo yameikata reli mara nyingi.

Mguu wa binadamu una masharti yaleyale ya treni. Mama wa miaka 60 ambaye hajapanda baiskeli tangu ujana wake hashindwi na umbali, anashindwa na kilima. Mpe kilomita 10 za tambarare na atakushangaza. Mpe kilomita 1 ya kupanda na hutamwona tena. Kwa hiyo njia ya starehe, njia ambayo bibi na mjukuu watakwenda pamoja, sharti ifuate maji. Wafaransa wamelijua hilo: wana njia inayoufuata mto Loire kwa kilomita zipatazo 900 hadi bahari ya Atlantiki, ikipita kwenye majumba ya wafalme na mashamba ya mizabibu. Sehemu ya bonde hilo imo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, orodha ileile iliyoipokea michoro ya miambani ya Kondoa mwaka 2006. Waaustria wana yao kando ya mto Danube. Wote hao walikuwa na barabara kuu nzuri tayari, lakini hawakuipeleka familia kwenye barabara kuu. Waliipeleka mtoni.

Basi turudi Dodoma. Najua mnachotaka kuniuliza: mwalimu, sisi tuna mto gani?

Mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mito yetu inapita kwa kishindo siku chache, halafu inabaki mchanga. Mgeni akiuona mto wa Ugogo mwezi wa Agosti anaapa si mto. Lakini nendeni Agosti hiyohiyo mtazame. Mtamkuta mama amechimba shimo mchangani, amepiga magoti, anachota kwa kata taratibu ili maji yasichafuke. Anachota mara mbili tatu, anasubiri shimo lijae tena, anachota. Mbuzi wamesimama pembeni wanangoja zamu yao. Yale maji ni mto. Mto haujaondoka, umeshuka chini.

Na mmoja wa mito hiyo ndio unaotunywesha sisi wa mjini. Kinyasungwe Ndogo unakusanya maji ya upande wa milima ya Chenene na Makutupora, unayapeleka Hombolo. Visima virefu vya Makutupora vimeihudumia Dodoma kwa miongo mingi, na watafiti waliofuatilia kina cha maji ya visima vile wamekuta kwamba maji ya chini ya ardhi pale hujazwa zaidi katika miaka ile michache ya mvua kubwa, mito inapofurika na maji kuzama mchangani. Fikirieni maana yake. Ukifungua bomba mitaa ya Area C au Kikuyu, sehemu ya yale maji yalipita kwenye mchanga wa mto ambao wengi wetu tunauita korongo kavu na tunautazama kama jalala.

Maji yasiyozama yanaendelea hadi bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na yakitoka hapo yanaufuata Kinyasungwe hadi Wami, kisha Bahari ya Hindi. Hombolo ni pazuri, jamani. Ukifika asubuhi, ndege wa majini wametapakaa ukingoni, mitumbwi ya wavuvi inarudi, na ng'ambo unaona mashamba ya zabibu. Nyuma yako ni nyika ya migunga na mibuyu ambayo imekuwa pale kabla ya babu wa babu zetu. Bwawa lile nalo linajaa mchanga mwaka hadi mwaka, kwa sababu udongo wa huku juu hauna cha kuushika. Kila mti unaokatwa kwenye ukingo wa mto huku juu, matokeo yake yanaonekana kule chini.

Hapo ndipo ombi langu linapoanzia. Naomba bonde la Kinyasungwe Ndogo, upande wa kushukia Hombolo, lipewe njia ya baiskeli ya lami. Na naomba njia hiyo iwe ndio mpaka wa hifadhi ya mto.

Nieleze. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini nani anaziona hizo mita 60? Leo pana mihogo, kesho pana banda, keshokutwa pana msingi wa nyumba, na mwenye nyumba anaapa kwamba hakujua, na huenda kweli hakujua. Lori la mchanga linaingia alfajiri na kutoka alfajiri. Anayebomoa nyumba yake mjini anatafuta mahali pa kumwaga kifusi, na mahali hapo ni korongoni, kwa sababu korongoni hapana mtu. Maofisa ardhi wanaweka bikoni, bikoni zinang'olewa usiku. Kilomita za lami haziwezi kung'olewa usiku mmoja.

Mwanasheria ataniambia kwamba hata lami ni shughuli ya kudumu. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu siombi njia ipite ndani ya zile mita 60. Naomba ipite kwenye ukingo wa nje, pale mita 60 zinapokwisha, iuzungushe mto wote kwa mbali. Upande mmoja wa lami ni mashamba na makazi ya watu. Upande wa pili ni mali ya mto: nyasi, migunga, mikwaju, mibuyu iliyopo na mingine tutakayopanda. Mtoto wa darasa la tatu atajua mpaka uko wapi. Na muhimu kuliko lami yenyewe ni watu watakaopita juu yake. Pale watu hamsini wanapopita kila asubuhi, lori la mchanga haliingii kimyakimya. Kifusi kikimwagwa usiku, saa mbili asubuhi kimeshapigwa picha. Mlinzi anayelipwa analala, lakini bibi aliyezoea kupumzika chini ya mbuyu fulani kila Jumamosi hatakubali mbuyu ule ukatwe.

Eneo lenyewe la visima lisiguswe. Njia iliache mbali, na popote itakapobidi kuvuka mto, tathmini ya mazingira itangulie. Siombi njia ya mkato kwenye hilo.

Sasa wapo watakaoniuliza kwa nini lami, kwa nini tusifyeke tu kinjia cha vumbi kikatosha. Mafundi waliopo hapa wanalijua jibu. Ni mbigili.

Nilikaa kwa fundi mmoja mwezi uliopita nikamtazama akiziba pancha ya kijana aliyetoka shambani. Aliitoa tyubu, akaipulizia, akaizamisha kwenye beseni la maji na kuizungusha polepole. Mapovu yakatoka sehemu tatu. Akazifuta, akazipiga msasa, akapaka solusheni, akasubiri ikauke huku akiipepea, akabandika viraka vitatu. Kijana akadhani kazi imekwisha. Fundi akaliinua tairi, akapitisha vidole ndani yake kidogo kidogo kwa uangalifu, akasimama, akachomoa mwiba. Akaendelea, akachomoa mwingine. "Hii usipoitoa," akamwambia, "utanirudia kabla hujafika kwenu." Ile mbigili ina miiba pande zote, kwa hiyo ikianguka vyovyote vile kuna mmoja unaotazama juu, na inatambaa hasa kwenye vinjia vya vumbi na kando ya barabara, mahali ambapo baiskeli inapita. Kwenye kinjia cha bondeni wakati wa kiangazi, familia ya watu wanne haitafika kilomita 5 bila kusimama. Lami inayofagiwa inaondoa adha hiyo.

Halafu kuna mchanga. Udongo wa kando ya mito yetu ni tifutifu, gurudumu linazama, usukani unayumba, na mtu asiye na nguvu nyingi anashuka na kukokota. Vijana wenye baiskeli za milimani zenye matairi mapana watafurahia mchanga, na wana haki yao. Mimi nawasemea wengine: mama aliyembeba mtoto nyuma, mzee mwenye magoti mabovu, dada anayejifunza akiwa na miaka 30 kwa sababu alipokuwa mdogo aliambiwa baiskeli si ya wasichana. Namsemea hasa mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu au baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu. Kwake kinjia cha vumbi ni mlango uliofungwa. Akiwekewa lami, atakwenda mwenyewe hadi bwawani bila kusukumwa na mtu, na hajawahi kuwa na nafasi hiyo katika mkoa huu.

Njia yenyewe si jambo la kutisha. Upana wa mita 3 unatosha watu kupishana, mita 4 pale penye watu wengi. Tabaka la chini lishindiliwe vizuri, kwa sababu lami nyembamba juu ya udongo uliolegea inapasuka masika ya kwanza tu. Miti ya kivuli ipandwe, lakini isikae pua na lami, maana mizizi itainyanyua. Pale njia inapokatiza vijito vidogo vinavyoingia mtoni, nashauri tujenge drifti badala ya makalavati mengi. Drifti ni zege linaloshuka na kupanda taratibu, maji yanapita juu yake siku ya mvua, yakishapita unaendelea na safari. Kalavati dogo huku kwetu huziba kwa matawi na mchanga, maji yakapanda juu na kuondoka na tuta zima. Tumeliona hilo kwenye barabara zetu za vijijini kila mwaka. Alama iwekwe kila drifti: maji yakionekana, usivuke. Maji ya mto wa mchanga yanaweza kuja na hapo ulipo hakuna hata wingu, mvua ikiwa imenyesha Chenene.

Na kila kiingilio kiwekwe nguzo fupi, zikipishana kiasi cha baiskeli na kiti cha magurudumu kupita. Bodaboda ni ndugu zetu, wanatuhudumia usiku na mchana, lakini njia hii isiwe yao. Siku pikipiki ya kwanza itakapopita humo kwa kasi ndiyo siku ambayo mama wa kwanza atamzuia mtoto wake kurudi. Dar es Salaam walipojenga barabara za mabasi yaendayo haraka waliweka na njia za baiskeli pembeni, jambo la kusifiwa, na aliyewahi kusimama pale jioni ameona ni nani hasa anazitumia. Tujifunze kutoka hapo mapema.

Fedha? Naombeni mnisikilize kwa haki. Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji letu ina urefu wa kilomita zipatazo 112, njia nne, kwa ajili ya malori na magari. Naiunga mkono, maana lengo lake ni kuondoa malori mjini. Ninachokiomba ni kipande chembamba, kisichobeba tani hata moja, ambacho hata kikijengwa kilomita chache chache kwa mwaka kitaanza kutumika tangu kilomita ya kwanza. Daraja la lori likijengwa nusu halina faida. Njia ya matembezi ikijengwa nusu, watu wanakwenda hadi hapo na kugeuza.

Na kama kuna anayedhani haya ni mambo ya kuiga kutoka Ulaya, akumbuke mpango mji wetu wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973. Mpango mji wa kwanza, ule wa mwaka 1976, ulichorwa na wataalamu kutoka Kanada kwa dira ya serikali ya Mwalimu Nyerere, na uliwaza mji wa watu wanaotembea kwa miguu, wanaopanda baiskeli na mabasi, mji usiotaka kuwa na fahari za majengo makubwa ya kutisha watu. Wazee mliopo hapa mliokuwa vijana wa CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mnaikumbuka michoro ile. Ninachokiomba kilishawahi kuwa wazo rasmi la jiji hili kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Niseme na kuhusu riziki, japo kwa kifupi. Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ianze kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, mtu wa Dar es Salaam anaweza kunywa chai kwake na kula mchana hapa. Anakuja mikutanoni, anamaliza Ijumaa, na swali analouliza hotelini ni moja: hapa mtu anakwenda wapi? Tunamjibu nini? Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu wa mwezi wa nane na wa tisa ni kiangazi kitupu, hakuna tope, asubuhi kuna ubaridi mzuri. Mgeni akipata baiskeli ya kukodi na njia ya kivuli hadi Hombolo, atanunua zabibu kwa mkulima shambani, atakula perege bwawani, atalipa fundi wa kumjazia upepo. Fedha hiyo inaishia kijijini, haipiti kwa dalali. Tahadhari moja tu nawaomba wenyeji na walimu mlisimamie: watoto wasiogelee kwenye maji yale yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho. Wayafurahie kwa macho.

Vijana, nawaona mnanong'ona kuhusu mashindano. Najua. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na mlikesha mkiyatazama kwenye simu. Natamani siku moja mmoja wenu ashiriki. Lakini watu wa Kigali hawakuanzia hapo tu. Wana Jumapili zao za bila magari, barabara zinafungwa saa chache, watoto na wazee wanatoka na baiskeli, wengine wanakimbia, wengine wanatembea tu. Bogota, Kolombia, wameanza jambo hilo tangu mwaka 1974, na sasa kila Jumapili na sikukuu wanafunga zaidi ya kilomita 120 za barabara kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Baada ya hapo magari yanarudi. Hakuna kilichojengwa.

Hili la mwisho tunaweza kuliomba hata mwaka huu. Halmashauri ya Jiji ikitukubalia barabara moja tu ya mjini, Jumapili moja tu kwa mwezi, asubuhi hadi saa nne, tutakuwa na mahali pa kuwafundishia watoto na akina mama ambao hawajawahi kupanda. Wakishajua kupanda ndio watakaolidai bonde. Barua ya maombi ipo pale mezani kwa katibu, mwenye kukubaliana nayo aisaini kabla hajaondoka, na viongozi wa mitaa mliopo nawaomba mihuri yenu.

Wenye nafasi Jumamosi hii, tunakwenda Hombolo kwa njia iliyopo, kwa vumbi lake. Tunakutania Ihumwa, njia panda ya Hombolo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nataka viongozi wetu waje nasi walione bonde kwa usawa wa baiskeli, na nimeshawaalika. Mwendo utakuwa wa yule aliye wa mwisho, hakuna atakayeachwa. Mje na maji ya kutosha, kofia, kitu cha kula, pampu, na viraka vingi kuliko mnavyodhani mtahitaji. Fundi wetu amekubali kuja na beseni lake. Asiye na baiskeli amwone katibu leo, zipo chache za kuazima, na kuna moja yenye kiti cha mtoto nyuma.